Tezi ya Kidarini: Historia ya Kuzitafuta Homoni Zinazokomaza Kinga

Nyuma ya mfupa wa kidari, juu kidogo ya moyo, kila mtoto mzima huzaliwa na tezi laini yenye vipande viwili. Inaitwa thaimasi. Utotoni ni kubwa kuliko mtu angetarajia. Baada ya balehe huanza kunywea, mafuta yakachukua nafasi yake, na kwa mzee ni vigumu kuitenganisha na mafuta yaliyoizunguka. Galen, tabibu Mgiriki wa karne ya 2, alikwisha kuliona hilo. Kilichokuwa hakijulikani ni kazi yake, na hali ilibaki hivyo hadi mwaka 1961, wakati kazi za moyo, mapafu, figo na ini zilikuwa zimeshafundishwa vyuoni kwa vizazi.

Leo tunajua kwamba hapo ndipo zinapokomaa seli T, zile limfosaiti zinazotambua virusi, zinazoamuru seli nyingine zitengeneze kingamwili na zinazokataa kiungo kilichopandikizwa kutoka kwa mtu mwingine. Swali lililowasumbua watafiti kwa miaka 60 iliyofuata ni hili: je, tezi inazikomaza kwa homoni inayoweza kukamuliwa na kutiwa kwenye bomba la sindano?

Kabla ya 1907: aliyeona mapema, na waliopotoka

Mwingereza William Hewson alikuwa karibu sana na jibu. Akitumia hadubini za wakati wake jijini London, alikuta majimaji ya thaimasi yamejaa chembe zilezile alizoziona kwenye limfu, akasema tezi hii inazitengeneza na kuzipeleka mwilini. Mwaka 1774 alikufa kwa maambukizi ya jeraha alilolipata akipasua maiti, akiwa na miaka 34 tu. Maandishi yake yalitoka mwaka 1777 na hayakupata wa kuyaendeleza.

Waliomfuata walikwenda njia nyingine, na njia hiyo iliua watu. Mwaka 1830 daktari Mjerumani, Johann Kopp, alieleza vifo vya watoto wachanga waliokata pumzi ghafla, akailaumu thaimasi kubwa iliyodhaniwa kuwa inabana njia ya hewa. Mwaka 1889 Arnold Paltauf wa Austria akaipanua hoja: mwenye thaimasi kubwa, alisema, ana mwili dhaifu wa kuzaliwa ambao unaweza kufa kwa sababu ndogo tu. Mtoto aliyekutwa amekufa kitandani, kijana aliyefia kwenye dawa ya usingizi, wote walipasuliwa, na thaimasi zao zikaonekana kubwa.

Kubwa kuliko nini? Maiti zilizojaza vyumba vya wanafunzi wa udaktari zilikuwa za maskini waliokufa baada ya kuugua na kudhoofu kwa wiki au miezi. Maradhi na njaa huinywesha thaimasi upesi sana, mara nyingi ndani ya siku chache. Kwa hiyo madaktari walizoea tezi iliyokwisha kusinyaa na kuiita ya kawaida. Walipompasua mtoto aliyekufa ghafla, aliyekuwa na afya hadi jana yake, walikutana na thaimasi nzima ya mtoto mzima, wakadhani wameona ugonjwa. Mjerumani Alexander Friedleben alikwisha kuipinga nadharia ya kubanwa pumzi mwaka 1858 kwa kitabu kizima. Hakusikilizwa.

1907–1950: mionzi

Mwaka 1907 huko Cincinnati, Marekani, Alfred Friedlander alimpiga mtoto mchanga mionzi ya eksirei kifuani ili kuipunguza thaimasi. Tezi ikapungua kweli, maana hakuna seli zinazokufa kwa mionzi upesi kama limfosaiti changa. Kupungua huko kukahesabiwa kuwa kupona. Kwa zaidi ya miaka 40 maelfu ya watoto wa Marekani walipigwa mionzi hiyo, wengine kwa sababu walikohoa kwa sauti ya ajabu, wengine kama tahadhari kabla ya upasuaji.

Mwaka 1950 Benjamin Duffy na Patrick Fitzgerald wa New York walichapisha taarifa ya watoto 28 wenye saratani ya tezi ya thairoidi, iliyo shingoni, jirani na thaimasi. Karibu theluthi yao walikuwa wamepigwa mionzi ya thaimasi utotoni. Louis Hempelmann na wenzake wa Rochester walifuatilia watoto wa aina hiyo kwa miongo kadhaa, na saratani za thairoidi ziliendelea kujitokeza. Miaka mingi baadaye ikaonekana kwamba wanawake waliopigwa mionzi hiyo wakiwa wachanga walipata pia saratani ya matiti kwa wingi zaidi. Watoto wazima walitibiwa ugonjwa ambao haukuwapo, na wakaondoka na ugonjwa wa kweli. Naona sura hii haisimuliwi vya kutosha katika mafunzo ya udaktari.

Pembeni ya maafa hayo kulikuwa na dalili mbili ambazo wachache walizizingatia. Mwaka 1898 Mwitalia Calzolari aligundua kwamba sungura waliohasiwa wanabaki na thaimasi kubwa: homoni za uzazi, basi, ndizo zinazoifinya. Mwaka 1936 Hans Selye, akiwa Montreal, alionyesha kwamba panya waliopatwa na baridi kali, majeraha au sumu huvimba tezi za adrenali huku thaimasi zao zikisinyaa. Kabla mtu yeyote hajazungumzia homoni zinazotoka kwenye thaimasi, ilikuwa imekwisha kuonekana kwamba thaimasi yenyewe inatawaliwa na homoni za tezi nyingine.

1961: panya wa siku moja

Jacques Miller alizaliwa Nice, Ufaransa, mwaka 1931, akalelewa Shanghai, kisha familia yake ikakimbilia Australia vita vilipokaribia. Dada yake alikufa kwa kifua kikuu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuwa London katika Taasisi ya Chester Beatty, akichunguza virusi vinavyowapa panya saratani ya damu. Saratani ile huanzia kwenye thaimasi, na ukiwaondolea panya tezi hiyo hawaugui. Miller alitaka kujua kama virusi vinaweza kuzaliana nje ya tezi. Hapo ilibidi aitoe kabla ya kuwachoma virusi, na virusi vile vilifanya kazi kwa panya aliyezaliwa punde tu.

Panya wa siku moja ana uzito wa gramu moja na kitu, na ngozi yake nyekundu inapitisha mwanga. Unapasua kidari chake chini ya hadubini, na vipande viwili vyeupe unavinyonya kwa mrija mwembamba wa kioo bila kuugusa moyo unaodunda chini yake. Miller alijifunza kuifanya kazi hiyo, na panya wengi waliishi hadi kuachishwa ziwa. Kisha wakaanza kukonda, kuhara na kufa, hata wale ambao hawakuchomwa virusi. Damuni na kwenye tezi za limfu walikuwa na limfosaiti chache mno. Alipowapandikiza ngozi ya panya wa ukoo mwingine waliipokea; alipowapandikiza ngozi ya panya buku, mnyama wa jamii tofauti kabisa, waliipokea pia, na manyoya ya kigeni yakamea mgongoni mwao.

Taarifa yake ilitoka katika jarida la Lancet Septemba 1961. Huko Minnesota, Robert Good na wenzake walikuwa wakielekea kulekule. Mwaka 1954 Good alimtibu mgonjwa mwenye uvimbe wa thaimasi ambaye damu yake ilikuwa karibu haina kingamwili, naye akashuku uhusiano. Kundi lake lilijaribu kuwatoa sungura tezi hiyo, lakini sungura walikuwa na umri wa wiki kadhaa, na hakuna kilichobadilika. Umri ndio uliokuwa fumbo lote. Mnyama aliyekwisha kukua ameshasambaza seli T zake mwilini. Ukimwondolea tezi siku hiyo, huoni kitu kwa muda mrefu.

Wakubwa wa fani hawakushawishika. Peter Medawar, aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 1960 kwa kazi ya upandikizaji, aliandika kwamba kuwamo kwa limfosaiti ndani ya thaimasi kungekuja kuonekana kuwa ajali tu ya mageuko isiyo na uzito mkubwa. Ushahidi uliendelea kumiminika. Mwaka 1965 Angelo DiGeorge wa Philadelphia alieleza watoto waliozaliwa bila thaimasi. Mwaka huohuo Max Cooper, akiwa na Good, alionyesha kwa kuku kwamba kinga ina matawi mawili. Mwaka 1968 Miller na Graham Mitchell, huko Melbourne, wakathibitisha kwa panya kwamba seli za uboho ndizo zinazotengeneza kingamwili, ila zinahitaji msaada wa seli zilizotoka kwenye thaimasi. Majina seli B na seli T yametokana na kazi hizo.

1963: kisanduku chenye vitundu

Lakini tezi inafanyaje kazi hiyo? David Osoba na Miller walibuni jaribio ambalo hadi leo napenda kulieleza. Walichukua pete ndogo ya plastiki, wakaifunika pande zote mbili kwa utando wenye vitundu vya sehemu ya kumi ya maikroni. Seli nyekundu ya damu ina upana wa maikroni 7 hivi, na limfosaiti haiko mbali na hapo. Utando ule ulikuwa kama kung'uto la nazi: tui linapita, chicha inabaki. Ndani ya pete waliweka vipande vya thaimasi, wakaizika tumboni mwa panya waliotolewa tezi siku ya kuzaliwa.

Panya wale walirudishiwa sehemu ya kinga yao. Hakuna seli iliyotoka wala kuingia. Kitu kilichopenya, basi, lazima kilikuwa kimeyeyuka, na mwaka 1963 Osoba na Miller waliandika wazi kwamba thaimasi inatoa dutu inayosafiri kwa majimaji ya mwili. Mwaka 1968 wapasuaji wa Marekani walipandikiza thaimasi za vijusi kwa watoto wenye ugonjwa wa DiGeorge, na kinga ikaanza kuonekana upesi kiasi kwamba wengi waliona ni homoni tu inayoweza kufanya hivyo. Milango ya maabara za kemia ikafunguliwa.

1966–1982: miaka ya kukamua

Mwaka 1966, katika Chuo cha Tiba cha Albert Einstein huko Bronx, New York, Allan Goldstein na Abraham White walitangaza dondoo la thaimasi ya ndama lililochochea limfosaiti kuongezeka. Waliliita thaimosini. Kwa nini ndama? Kwa sababu machinjioni thaimasi ya ndama ni kubwa na hupatikana kwa kilo nyingi, na mkemia anayetafuta dutu iliyomo kwa kiasi kidogo anahitaji kilo nyingi. Dondoo lililosafishwa zaidi, lililoitwa sehemu ya 5, lilikuwa bado na peptidi nyingi ndani yake. Mwaka 1975 Diane Wara, Goldstein na Arthur Ammann waliripoti kwamba wagonjwa wenye upungufu wa kinga, akiwemo mtoto aliyechomwa dondoo hilo, walionyesha ongezeko la seli T.

Mwaka 1977 Goldstein alitenga peptidi moja yenye asidi amino 28, thaimosini alfa 1. Kiwanda kinaweza kuiunda bila ndama, na ndivyo ilivyofanyika.

Goldstein mwingine, Gideon, asiye ndugu yake, aliingia kwa mlango wa maiasthenia gravisi, ugonjwa wa misuli kulegea ambao mara nyingi huambatana na kasoro ya thaimasi. Alitenga protini aliyoiita thaimopoyetini. Mwaka 1975 alitenga pia protini ndogo iliyozigeuza limfosaiti changa zionekane zimekomaa, lakini aliikuta kila alipoitafuta: kwa wanyama, kwenye hamira, hata kwenye mimea. Aliipa jina la kuonyesha kwamba iko kila mahali, na leo inaitwa yubikwitini. Mwaka 1980 watafiti waliochunguza jinsi seli inavyovunja protini zake walitambua kwamba kibandiko wanachokishughulikia ni kitu hichohicho. Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose walipata Nobeli ya Kemia mwaka 2004 kwa kazi hiyo. Homoni ya thaimasi haikuwa homoni, wala haikuwa ya thaimasi. Ilikuwa alama ambayo kila seli huibandika juu ya protini inayotakiwa kuvunjwa.

Paris, katika hospitali ya Necker, Jean-François Bach na Mireille Dardenne walikwenda taratibu zaidi. Hawakuanza na tezi, walianza na damu. Walipima uwezo wa seromu ya panya kuzibadilisha limfosaiti za bandama, wakaona uwezo huo unatoweka tezi ikitolewa na kurudi ikipandikizwa, na kwamba unapungua umri ukisogea. Mwaka 1977 walijua mpangilio wa peptidi yao: asidi amino 9 tu. Mwaka 1982 Dardenne alionyesha kwamba haifanyi kazi bila kushika chembe ya zinki. Ikaitwa thaimulini. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo iliyostahili zaidi jina la homoni ya thaimasi, kwa sababu waliopima walidai kwanza itoweke tezi isipokuwepo.

1984–1997: ushahidi unageuka

Homoni nyingine zilizodaiwa zilianguka moja baada ya moja. Mwaka 1984 ilibainika kwamba thaimosini alfa 1 ni kipande cha protini kubwa zaidi inayopatikana katika seli za karibu viungo vyote. Thaimosini beta 4 ilionekana kuwa mshikaji wa aktini, nyuzi zinazoipa seli umbo na mwendo. Mwaka 1994 jeni ya thaimopoyetini ilisomwa, kumbe inaunda protini za utando wa kiini cha seli, kila seli. Haimaanishi kwamba peptidi hizo hazina athari mwilini. Baadhi zina athari halisi. Ila hazikuwa ujumbe ambao tezi hii inawatumia wengine.

Kosa lililojirudia tangu kwenye meza za maiti ni la aina moja: thaimasi ilikuwa ikipimwa nje ya mahali pake au nje ya wakati wake. Ukiisaga tezi iliyojaa seli zinazogawanyika kwa kasi, utapata kwa wingi kila kitu ambacho seli yoyote inayogawanyika hukitumia, na utakiita cha thaimasi.

Wakati huohuo wengine walikuwa wakiitazama tezi ikiwa nzima. Seli changa hutoka kwenye uboho na kuingia kwa njia ya damu. Seli za utando wa tezi huzishika na kuzipa ishara iitwayo Notch kwa kugusana, uso kwa uso. Bila mguso huo hazigeuki kuwa seli T. Huzipa pia intalukini 7, iliyogunduliwa mwaka 1988, ambayo huziweka hai zinapochanganya vipande vya jeni ili kila moja ipate kipokezi chake. Intalukini 7 ni dutu inayoyeyuka kweli, kama Osoba na Miller walivyotabiri, ila kazi yake ni ya jirani kwa jirani.

Kisha huja mchujo. Katika gamba la tezi, seli ambayo kipokezi chake hakiwezi kabisa kushika alama za mwili hufa. Mwaka 1987 John Kappler na Philippa Marrack walionyesha upande wa pili: inayoushambulia mwili wenyewe huuawa humohumo ndani. Seli za katikati ya tezi hutumia jeni AIRE, iliyotambuliwa mwaka 1997, kutengeneza sampuli za protini za kongosho, jicho, ini na kwingineko, ili seli T zipimwe dhidi yake. Zaidi ya asilimia 95 ya zilizoanza safari hazitoki. Kazi hiyo haiwezi kutiwa kwenye chupa, kwa kuwa inategemea seli kukaa pamoja katika mpangilio fulani.

1977–2004: njaa, zinki na maziwa ya mama

Hata hivyo kemia ya Paris ilikuwa na upande unaotuhusu moja kwa moja sisi tunaoishi panapojulikana utapiamlo. Mwaka 1977 Michael Golden na wenzake huko Jamaica waliwapa zinki watoto waliokuwa wakipona utapiamlo, na thaimasi zao zikakua. Miaka 5 baadaye thaimulini ilipoonekana kuhitaji zinki, maelezo yalipata nguvu. Haifuati kwamba faida yote ya zinki hupitia thaimulini, maana madini hayo hutumika katika mamia ya vimeng'enya. Tangu mwaka 2004 WHO na UNICEF wanashauri mtoto anayehara apewe zinki kwa siku 10 hadi 14 pamoja na maji ya chumvi na sukari, na kina mama wanaotoka kliniki za Kenya na Tanzania wanavijua vidonge hivyo.

Afrika Magharibi ilitoa ushahidi mzito zaidi. Mwaka 1997 Sophie Moore na wenzake walichapisha takwimu za vijiji vya Keneba na jirani zake, Gambia: waliozaliwa msimu wa njaa, akiba ikiwa imekwisha na mavuno mapya hayajafika, walikufa mapema zaidi wakishafika ujanani, hasa kwa maambukizi. Kwa mashine ya mawimbi ya sauti, thaimasi za wachanga zilionekana ndogo msimu huo. Mwaka 2004 Pa Tamba Ngom na wenzake waliona kwamba watoto waliozaliwa msimu wa njaa walitoa seli T mpya chache, na maziwa ya mama zao yalikuwa na intalukini 7 kidogo zaidi. Huko Guinea-Bissau, kundi la Peter Aaby lilikuta kwamba mtoto aliyezaliwa na thaimasi ndogo alikuwa katika hatari kubwa ya kufa utotoni, hata uzito wake ukizingatiwa.

Tezi ileile ya kidarini ambayo Wamarekani waliipiga mionzi kwa kuwa kubwa, Afrika ilikuwa ikiua kwa kuwa ndogo.

1998–2025: sindano na kipande cha nyama

Mwaka 1998 Daniel Douek alibuni kipimo cha vijiduara vya DNA vinavyobaki ndani ya seli T iliyotoka kwenye tezi hivi karibuni. Kwa kipimo hicho ilionekana kwamba thaimasi ya mtu mzima bado inatoa seli, na kwamba wagonjwa wa VVU wanaotumia dawa hupata seli mpya kutoka kwayo. Dhana kwamba tezi hii ni masalio tu baada ya balehe ilidhoofika. Mwaka 2023 watafiti wa Boston walilinganisha watu wazima waliotolewa thaimasi na wengine waliofanyiwa upasuaji wa kifua bila kuitoa: miaka 5 baadaye, asilimia 8.1 ya kundi la kwanza walikuwa wamekufa, dhidi ya asilimia 2.8.

Thaimosini alfa 1 inauzwa kama dawa katika nchi kadhaa, China ikiwemo, hasa kwa homa ya ini aina ya B. Matumaini makubwa yalikuwa kwenye sepsisi, pale maambukizi yanapovuruga mwili mzima. Wachina waliijaribu kwa wagonjwa 1,106. Matokeo yalitoka mwaka 2025: waliokufa ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 23.4 kwa waliopewa dawa na asilimia 24.1 kwa wasiopewa. Tofauti hiyo si ya kuitegemea.

Kwa watoto waliozaliwa bila thaimasi, aliyefanikiwa ni Louise Markert wa Chuo Kikuu cha Duke, ambaye hakutafuta peptidi. Wapasuaji wa moyo wa watoto hulazimika kutoa sehemu ya thaimasi ili kuufikia moyo, na sehemu hiyo hutupwa. Markert aliiomba kwa ridhaa ya wazazi, akaikata vipande vyembamba, akavikuza maabara wiki kadhaa hadi limfosaiti za mtoaji zimekwisha, kisha akavipandikiza kwenye msuli wa paja la mgonjwa. Seli changa za mtoto zikatoka kwenye uboho wake, zikaingia kwenye tezi ya kigeni iliyo pajani, zikakomaa humo. Oktoba 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani iliuidhinisha utaratibu huo, baada ya takwimu kuonyesha kwamba asilimia 77 ya watoto waliopandikizwa waliishi mwaka mmoja au zaidi. Bila matibabu, wengi hawavuki umri wa miaka 2 au 3. Seli T za kutosha huchukua miezi 6 hadi 12 kuonekana damuni, na katika muda huo wote mzazi anapaswa kumkinga mtoto na kila anayekohoa.